Kuhifadhi Wakati kwa Tarakimu Mbili: Mfano wa Bunia

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi hifadhidata inavyoutunza wakati kwa sifuri na moja. Mfano wetu ni Bunia, makao makuu ya Ituri, mji ambao saa zake ziko mbele ya zile za Kinshasa kwa saa moja na nyuma ya zile za Kampala kwa saa moja.

2.0 Wakati kama namba

Njia iliyoenea ni kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Tuchukue saa sita kamili mchana mjini Bunia, tarehe 1 Agosti 2018, siku ulipotangazwa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini, ambao ulienea hadi Ituri. Hesabu yake ni sekunde 1,533,117,600, nayo huandikwa hivi kwa biti 32, yaani baiti 4:

01011011 01100001 10000100 10100000

Wakati huohuo Kinshasa ilikuwa saa tano asubuhi na Kampala saa saba mchana. Namba ni ileile. Tofauti hujitokeza tu inaposomwa.

Hata hivyo, biti hazijielezi zenyewe. PostgreSQL huanza kuhesabu tarehe 1 Januari 2000, kwa sehemu za milioni za sekunde, katika baiti 8. Kwa hiyo msomaji sharti ajue mwanzo wa hesabu na kipimo chake. Aidha, nafasi ina mpaka: namba ya biti 32 yenye alama ya chanya au hasi itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja, dakika 14 na sekunde 7 alfajiri, kwa saa za Bunia.

3.0 Umuhimu wake

Katika mlipuko ule, uliomalizika Juni 2020, aliyekutana na mgonjwa alifuatiliwa kwa siku 21. Sasa, saa tano na nusu usiku mjini Bunia, Kampala huwa imekwisha kuingia tarehe nyingine. Orodha za pande mbili za mpaka zikiunganishwa kwa tarehe tupu, mtu huweza kuachiliwa siku moja kabla ya muda wake. Namba moja ya pamoja huondoa utata huo, mradi jina la mahali lihifadhiwe kando yake, kwani siku za ufuatiliaji huhesabiwa kwa kalenda ya mahali.

Hatari nyingine imo katika lugha. Karani akiandika "saa 2 asubuhi", programu isiyojua hesabu ya Kiswahili yaweza kuipokea kama saa nane usiku, na kosa la saa sita likatunzwa kwa uaminifu mkubwa.

4.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba usahihi wa biti hauwezi kupita usahihi wa aliyeziandika. Fomu zetu za Kiswahili hazina budi kutaja saa inahesabiwa kwa mtindo upi, na mahali gani, kabla namba haijaingia katika hifadhidata.