Kibao cha Pauni Nne na Hewa ya Chumba cha Binti Yangu

Majira ya baridi yaliyopita, ukuta wa chumba cha binti yangu hapa Erdington, Birmingham, ulianza kutoa madoa meusi ya ukungu. Ana miaka sita na ana pumu. Nilifuta kwa dawa, yakarudi. Nilipompigia simu mwenye nyumba, alijibu kwamba tunaanika nguo ndani. Kweli tunaanika, Desemba hapa utaanika wapi? Lakini kila nikimsikia binti akikohoa usiku, nilimkumbuka Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya ukungu wa nyumbani.

Asubuhi moja nimetoka zamu, kaka yake wa miaka 12 akaniuliza, "Mama, kazini mnapima kila kitu. Mbona hapa hatupimi?"

Shuleni alikuwa ametumia micro:bit, kile kibao chenye taa 25 ambacho BBC na washirika wake walianza kuwagawia bure wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016. Sisi tulichagua Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021. Ina urefu wa sentimita tano na bei yake ni kama pauni nne. Tukaongeza sensa ya joto na unyevu iitwayo DHT22, nyaya, na ubao wa kuzichomekea. Vyote havikufika pauni 20.

Neno maikrokontrola lisikutishe. Ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi. Ukiipa umeme, inaanza programu uliyoiandikia na kuirudia mpaka uichomoe. Sensa yetu ina nyaya tatu: wa umeme, wa graundi na wa kupeleka vipimo. Mwanangu aliandika programu fupi kwa MicroPython: pima, andika, subiri dakika kumi, rudia. Kama huna chombo cha kulehemu, nunua Pico yenye pini tayari, na sensa iliyokwisha kubandikwa kwenye kibao chake.

Usiku wa kwanza tuliharibu. Nilichomoa chaja ili nichaji simu yangu, na kibao kilipowaka tena kikafuta vipimo vyote na kuanza upya. Tena hakina saa yenye betri, kwa hiyo hakikujua ni saa ngapi. Mwanangu alirekebisha programu iongeze vipimo badala ya kufuta, nami nikaandika muda wa kuanza kwenye karatasi, kama tunavyofanya wodini.

Vipimo 144 kwa siku, kwa siku saba. Tulichora grafu tukaibandika kwenye friji. Unyevu unaofaa ndani ya nyumba ni kati ya asilimia 40 na 60. Siku za kufua, chumba kilifika 79. Hapo mwenye nyumba alikuwa na haki, na nilimeza mate. Lakini hata siku tusizofua, mtu akioga unyevu ulipanda mpaka 74 na kukaa hapo hadi usiku wa manane. Tukashika kipande cha karatasi ya chooni kwenye feni ya bafuni. Kikaanguka. Feni ilipiga kelele tu, haikuvuta mvuke.

Nguo tukazihamishia jikoni, dirisha wazi na mlango umefungwa. Grafu nikampigia picha mwenye nyumba nikamtumia, pamoja na sehemu inayonisuta mimi. Safari hii hakubishana. Feni ilibadilishwa baada ya siku tisa, na sasa usiku tunasoma 58 au 60.

Kama muuguzi, nasisitiza mambo mawili. Kibao hiki si kifaa cha tiba: mtoto akibanwa kifua, mpe pampu yake na utafute daktari; grafu itasubiri. Na watoto watumie umeme wa USB au betri tu, wasiguse kamwe nyaya za ukutani.

Sasa mwanangu anataka kumpelekea babu yake Morogoro kibao cha kupima joto la banda la vifaranga. Babu ameuliza swali moja tu: umeme ukikatika je? Tumemjibu kwamba betri tatu za tochi zinatosha kukiwasha.