Furu wa Mwalimu na hesabu ya mwanga

Mwaloni wa Kirumba, soko la samaki la Mwanza, una bei ya sangara, ya sato na ya dagaa. Furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, hubaki nyuma kwenye mazungumzo. Lakini mwaka 1985 furu mmoja wa Ghuba ya Mwanza alipewa jina la kisayansi *nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake ni jekundu mgongoni, njano ubavuni. Ana ndugu wa rangi ya bluu aitwaye *Pundamilia pundamilia*. Ndiyo, safari hii wanasayansi walikopa Kiswahili.

Ndugu hawa wakipandana, watoto wao huzaa bila shida. Mbona basi hawajachanganyika?

Jibu alilitafuta Ole Seehausen, mwanabiolojia kutoka Ujerumani, katika miaka ya 1990. Kwenye tangi lenye mwanga mweupe, majike walichagua madume wa jamii yao. Ulipowashwa mwanga wa rangi ya chungwa tupu, unaofanya mwekundu na wa bluu waonekane sawa, uchaguzi ule ukatoweka.

Hapo ndipo fizikia inapoingia. Kila mita ya maji hula sehemu ileile ya mwanga uliobaki. Tuseme inakula nusu: ukishuka mita 2 umebakiwa na robo, mita 5 umebakiwa na sehemu 1 kati ya 32. Na kila rangi huliwa kwa kasi yake. Katika bahari safi ya Zanzibar nyekundu hufa mapema, ndiyo maana mzamiaji huona bluu tu. Ziwa letu, lenye tope na mwani, hufanya kinyume: bluu hufa kwanza, nyekundu hufika chini zaidi. Wa bluu anaishi karibu na uso wa maji. Mwekundu anashuka kwenye vina.

Macho nayo yamefuata hesabu hiyo. Mwaka 2008 Seehausen na wenzake, wakiwemo Wajapani, walionyesha katika jarida la Nature kwamba jeni ya protini moja ya jicho inatofautiana kati ya ndugu hawa. Unyeti wa jicho la yule wa chini umesogea kuelekea nyekundu kwa nanomita kama 15 za urefu wa wimbi. Unywele wako una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Tofauti ndogo kiasi hicho inasaidia kutenga ukoo na ukoo.

Tumezoea kumlaumu sangara kwa kupotea kwa furu, na lawama anastahili. Ila sangara huwala furu tu, hauzimi mwanga wa maji. Maji taka ya mjini, mbolea na udongo wa mashamba vinalisha mwani na kuzima rangi, na rangi zikizimika, jike hana cha kuchagulia. Kisiwani Makobe, kwenye Ghuba ya Speke, maji bado ni maangavu. Mwekundu na wa bluu bado ni jamii mbili tofauti. Luanso, kusini mwa Ghuba ya Mwanza, maji ni mazito, na furu wengi wa ukoo huu si wekundu wala si wa bluu.