Begi likinuka kitunguu saumu, usiseme ni dagaa

Abiria wengi wanaopanda ndege Mpanda hawasafiri mikono mitupu. Kuna dagaa na migebuka wakavu wa Karema na Ikola, asali ya Inyonga, mchele wa Mpimbwe, na mahindi ya kuwapelekea ndugu Dar es Salaam. Kwa hiyo ofisa wa ukaguzi akisema, "Mama, mzigo wako unanuka, hebu tuufungue," wengi huona aibu, wengine hukasirika. Usikasirike, msomaji wangu. Pua yake inaweza kukuokoa.

Tuanze na samaki, maana ndiye anayesingiziwa kila siku. Samaki aliyekaushwa vizuri hunuka, lakini harufu yake haimdhuru mtu. Mtie kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, na majirani wako kwenye ndege watakushukuru. Asali nayo ni kimiminika. Ifunge vizuri uiweke kwenye mzigo unaokwenda chini, si mkoba wa mkononi.

Harufu inayonitisha mimi ni ya kitunguu saumu, au ya samaki aliyeoza, inayotoka kwenye kiroba kisicho na kitunguu wala samaki. Hiyo huenda ikawa fosfini, gesi inayotolewa na vile vidonge vya kuhifadhia nafaka ambavyo wengi tunavijua kwa jina la dukani, Phostoxin. Ndani yake mna alumini fosfaidi. Ikikutana na unyevu, hata ule mdogo wa hewani au wa ndani ya punje, gesi huanza kutoka. Kidonge cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya fosfini. Katika ghala lililofungwa lisilo na watu, gesi hiyo huua dumuzi. Katika begi lililowekwa chumbani usiku wa kuamkia safari, haichagui kati ya dumuzi na mtoto aliyelala kitandani.

Na wanaofanya hivi si watu wabaya. Ni bibi anayetaka mahindi ya mjukuu yasibunguliwe, akafunga vidonge viwili kwenye kitambaa na kuvitumbukiza katikati ya kiroba. Anaona ni dawa tu, kama dawa nyingine za mahindi.

Dalili zake hudanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kifua kubana, kikohozi. Hapa kwetu mtu atasema ni malaria, au chakula cha jana. Ila wakiugua watu kadhaa waliolala chumba kimoja penye nafaka, kwa wakati mmoja, fikiria gesi kwanza. Watoeni nje kwenye hewa safi na muwahi hospitali, hata kama mgonjwa anasema amepata nafuu, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye na moyo ukashindwa kazi. Dawa ya kuivunja sumu hii haipo. Sisi madaktari tunachoweza ni kumpa oksijeni na kumsaidia moyo na mapafu. Aliyemeza kidonge asipewe maji wala maziwa, na asilazimishwe kutapika.

Mashine ya kukagulia mizigo hainusi. Inaonyesha umbo na uzito wa vitu kwa rangi: nafaka na vyakula huonekana rangi ya machungwa, vyuma bluu. Vidonge vichache ndani ya kiroba cha mahindi si rahisi kuviona. Kinachobaki ni pua ya ofisa na ulimi wako wewe mwenye mzigo. Vidonge hivi haviruhusiwi kabisa katika mizigo ya abiria, kama ilivyo petroli. Hata pampu au msumeno wa injini ambao tanki lake bado lina mafuta utazuiwa.

Lakini pua nayo ina mipaka. Fosfini safi haina harufu. Tunachonusa ni uchafu uliochanganyika nayo, na harufu inaweza kupotea huku gesi ingali ipo. Kwa ndugu zetu wa machimbo ya dhahabu kuna zebaki, ambayo hainuki hata kidogo. Chupa ikivuja, mvuke wake huingia mapafuni bila taarifa na kuharibu ubongo na figo, tena humfikia mtoto aliye tumboni. Kwenye ndege ina ubaya mwingine: hula alumini, na ndege nyingi mwili wake ni alumini. Ndiyo maana imepigwa marufuku.

Kama umeshaweka vidonge kwenye mzigo, usiufungulie ndani. Upeleke uwanjani, simama upande upepo unakotokea, ufungue na uondoke, watoto wakae mbali. Usivishike kwa mkono mtupu, wala usivimwagie maji. Unga wa kijivu unaobaki usiuamini, huenda bado una sumu. Muulize ofisa ugani namna ya kuufukia. Mahindi ya safari yakaushe vizuri, uyafunge kwenye mfuko wa PICS usiopitisha hewa. Dumuzi hufa humo kwa kukosa pumzi, bila kidonge chochote.