Altezza Kuukuu na Jua la Kaole

Toyota Altezza ilipotoka mwaka 1998, Wajapani waliipa tuzo ya Gari la Mwaka wa 1998–1999. Vijana waliipendea injini, lakini zaidi waliipendea ile saa ya spidi iliyobuniwa kwa mfano wa saa ya mkononi, vijisaa vidogo vikiwa ndani ya duara kubwa. Utengenezaji ukakoma mwaka 2005. Kwa hiyo hata Altezza iliyo changa kuliko zote, umri wake sasa ni wa mtu mzima.

Ukiiona kwenye barabara ya Bagamoyo, kwa nje unaweza kudanganyika. Rangi imepigwa upya, rimu zinameta, mlio wa ekzosi unatangulia gari. Sasa fungua mlango. Kitambaa cha dari kimeshuka hadi kinamgusa dereva utosini. Juu ya dashibodi pana ufa uliotoka tundu la hewa hadi karibu na kioo. Swichi za madirisha zinanata vidoleni. Vuta kidogo pedi ya mlango: klipu inalia “tak” na kichwa chake kinabaki mkononi mwako. Mwenye gari atakwambia anatafuta spea za ndani, za bei ya mtu wa kawaida. Kabla hajapanda basi kwenda Dar es Salaam, ni vizuri ajue nini kiliziua zile za mwanzo. Kuna kifaa cha kununua cha mtumba, kuna cha kushonesha hapahapa, na kuna ambacho hata ukipewa bure ukikatae.

Mwuaji wa kwanza ni joto. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha vipimo vya magari yaliyoegeshwa juani kwa saa moja siku za joto kali. Hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47 za Selsiasi, usukani 53, dashibodi 69. Kwenye magari yaliyokaa kivulini, dashibodi ziliishia kwenye nyuzi 48 hivi. Kaole, kijiji cha pwani karibu na Bagamoyo, si jangwa, lakini iko nyuzi 6 na ushee kusini mwa ikweta, na mwezi Machi na Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Dashibodi iliyolala chali chini ya kioo inalipokea lote. Wakemia wana kanuni yao ya mkato: joto likipanda nyuzi 10, kasi ya uharibifu huongezeka takriban mara mbili. Kutoka 48 hadi 69, basi, plastiki inazeeka kama mara nne zaidi. Mwembe wa jirani ndio spea ya bei rahisi kuliko zote.

Ngozi laini ya dashibodi nyingi za enzi ile ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, ambayo kwa asili ni ngumu. Mwaka 1926 Waldo Semon wa kampuni ya BF Goodrich aligundua kwamba ikichanganywa na vimiminika fulani inalainika. Shida ni kwamba vimiminika hivyo havikufungwa kikemia na plastiki. Vimejipenyeza tu katikati ya minyororo yake, na joto linavifukuza kidogo kidogo. Ule utando wa mafuta ndani ya kioo cha mbele, ambao ukiufuta leo baada ya wiki kadhaa unarudi tena, kwa sehemu ni dashibodi yako inahamia kwenye kioo. Inayobaki nyuma inasinyaa, inakakamaa, na siku moja inapasuka pale ilipovutwa zaidi.

Mwuaji wa pili ni unyevu, na huyu ndiye anayewashangaza watu wa bara wakihamia pwani. Sponji na rangi nyingi zenye mguso laini hutengenezwa kwa poliurethani, zao la Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Aina zake nyingine zina viungo ambavyo maji yanaweza kuvikata, hata maji yaliyo hewani tu. Ukishawahi kununua raba za mtumba zilizoonekana mpya, soli ikamomonyoka siku ya pili, umeshaiona kemia hiyo. Ndani ya gari, rangi laini ya swichi inageuka gundi, na sponji nyembamba iliyo kati ya dari na kitambaa chake inakuwa unga wa rangi ya manjano. Pitisha kidole juu yake, unga unabaki kidoleni. Ndiyo maana fundi anayepuliza gundi na kubandika kitambaa juujuu anakurudisha kwake baada ya miezi michache: amebandika kitambaa kwenye unga. Lazima dari ishushwe, ikwanguliwe hadi ubao wenyewe, ndipo kitambaa kipya chenye sponji yake kibandikwe. Kitambaa hicho kinapatikana, na kazi hiyo fundi siti mzuri wa Bagamoyo anaiweza. Kuagiza dari ya mtumba kutoka ng’ambo ni kununua unga uliosafiri.

Siti vivyo hivyo. Reksini mpya na sponji mpya vinashinda kava la miaka 20 lililotoka popote. Chini ya siti, hata hivyo, reli ni za chuma, na chumvi ya bahari huvuta maji kutoka hewani pindi unyevu unapozidi asilimia 75, hali ya kawaida kabisa pwani. Reli hizo tafuta za gari lililoishi Japani.

Hapo ndipo Gerezani na Ilala, jijini Dar es Salaam, zinapoingia, kwenye maduka ya spea zilizotumika. Wakazi wa Kaole wamezoea vya mashariki tangu zamani; makaburi ya magofuni pale yaliwahi kupambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyoletwa kwa jahazi. Siku hizi kinakuja kipande cha gari ndani ya kontena. Vinavyofaa kununuliwa humo ni vya plastiki ngumu na vya umeme: saa ya spidi, swichi, fremu ya redio, vishikio vya milango. Kwa kuwa Altezza iliuzwa Ulaya kwa jina la Lexus IS200, magari ya Uingereza, yenye usukani kulia kama yetu, nayo yanaweza kukupa vifaa.

Usiende na picha ya simu peke yake. Toyota huweka kwenye kifaa namba ya tarakimu 10: tano za kwanza zinataja aina ya kifaa, tano zinazofuata zinataja modeli na toleo lake, na mwishoni mara nyingi huja alama mbili za rangi. Kibati cha gari nacho kina mstari wenye neno TRIM unaoonyesha rangi ya ndani. Muuzaji akiona umeandika vyote hivyo, hata bei anaitaja kwa adabu.

Kilichovunjika si lazima kitupwe. Kigeuze uangalie mgongoni, utakuta alama ya aina ya plastiki, kama >PP< au >ABS<. ABS huyeyuka kwenye asetoni, kwa hiyo vipande vya ABS chakavu vikiloweshwa humo vinakuwa uji wa kuunganishia unaokauka na kuwa plastiki ileile. PP haishiki supaglu wala epoksi ya kawaida; hiyo ni ya kuchomelea kwa moto. Klipu nyingi ni nailoni, na nailoni ina tabia ya ajabu: ikikauka sana inakatika, ikinywa maji inakuwa ngumu kuvunjika. Zichemshe kwenye sufuria kabla ya kuzibana. Unyevu ulioua swichi ndio unaookoa klipu.

Wapo pia wanaochapisha vifaa kwa printa za 3D. Waulize kwanza malighafi. Ile rahisi iitwayo PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na dashibodi juani tumeshaona inafika wapi. Omba ABS au ASA.

Kimebaki kile cha kukataa, nacho ni eabegi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia amonia naitreti kupuliza mifuko yake, na miaka ya joto na unyevu iliidhoofisha kemikali hiyo hadi baadhi ya mikebe ikapasuka na kurusha vipande vya chuma kwa watu iliyopaswa kuwakinga. Mamilioni ya magari yakaitwa kurudi, maeneo ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii yakitangulizwa, na mwaka 2017 Takata ikafilisika. Eabegi ya mtumba haikwambii ilitengenezwa na nani wala ililala wapi. Usukani wa Altezza ukichakaa, fundi siti aushonee ngozi mpya. Achomoe waya hasi wa betri kwanza, angoje zaidi ya sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe, ndipo aushike.