Bei ya bastola ya kale imo kwenye namba

Aprili 1916 wapandafarasi wa Jenerali Jacob van Deventer, aliyepigana upande wa Waingereza dhidi ya Wajerumani, walishuka kutoka Arusha, wakapita Ufiome, nchi ya Wagorowa, wakielekea Kondoa. Mji wa Babati umo katika njia hiyo. Zaidi ya miaka mia baadaye, hadithi za mali ya Mjerumani bado zinauzwa nchini mwetu. Leo ni rupia, kesho ni bastola ya ofisa iliyofukiwa chini ya mbuyu. Anayesikiliza hadithi hizo kwa hamu ya fedha anapaswa kujua kwanza biashara halali ya bastola za kale, ile ya minada ya Ulaya na Marekani, inavyopanga bei.

Huko kinacholipiwa ni ushahidi, na ushahidi wa kwanza ni namba iliyogongwa kiwandani.

Chukua Luger P08, iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1908. Kiwanda kilihesabu hadi 10,000, kikaanza tena moja kwa kuongeza herufi a, kisha b, na kuendelea. Mwaka mpya ukiingia, hesabu nzima ilirudi mwanzo. Kwa hiyo namba 4521b peke yake haitaji umri. Yaweza kuwa ya 1915 au 1917, ya kiwanda cha DWM cha Berlin au ya kiwanda cha serikali cha Erfurt. Lazima isomwe pamoja na mwaka uliogongwa juu ya chemba na nembo ya mtengenezaji. Tarakimu mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo vya bastola. Vyote vikilingana, bei hupanda. Kimoja kikiwa kimebadilishwa, hushuka vibaya. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana wapo wanaosugua namba na kugonga nyingine, na mnunuzi mzoefu huangalia chuma kwa lenzi kabla ya kufungua pochi.

Mauser C96 ina mtego wake. Mwaka 1916 jeshi liliagiza 150,000 za risasi ya milimita 9, zikapewa mfululizo wake kuanzia moja. Namba 3000 yaweza basi kuwa ya miaka ya 1890 au ya katikati ya vita. Tarakimu 9 nyekundu iliyochongwa kwenye mpini ndiyo inayoamua. Tofauti hiyo ni ya fedha na ya sheria pia: Marekani huhesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na Uingereza, kwa kanuni za 2021, inataka iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, na itumie risasi zilizoacha kutumika. Pembeni ya minada wapo wanaoishi kwa karatasi tu. Kampuni ya Colt, kwa malipo, hutoa barua inayosema bastola yenye namba fulani ilisafirishwa lini na kwenda wapi.

Hapa kwetu neno “ya Mjerumani” halitoshi hata kidogo. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 25, 1918, bunduki 1,071 alizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na Kireno, zilizotekwa vitani. Chuma kilichookotwa kwenye njia ya vita hivyo chaweza kuwa bastola ya Webley ya Mwingereza.

Wala si bidhaa ya kuuza uchochoroni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi wanachama zifanye kufuta au kubadili alama za silaha kuwa kosa. Anayeikuta silaha ya kale shambani asiiguse, asiisugue kutu. Amwite polisi, maana risasi iliyozeeka ndani ya chemba bado inaua.

Lakini nina ombi kwa wanaopokea silaha hizo. Mwaka 2016 Kenya ilichoma bunduki 5,250 pale Ngong, na kuteketeza silaha haramu ni jambo jema. Ila iliyo na mwaka wa 1914 juu ya chemba ipigwe picha kwanza, namba zake zote ziandikwe na mahali ilipookotwa patajwe, kisha Makumbusho ya Taifa iulizwe kabla ya tanuri kuwashwa. Kazi hiyo haichukui hata saa moja.