Saladi ya Nanasi la Kuchoma na Jibini Laini: Moto wa Maziwa Ndio Kinga

Majira ya kaskazi, joto linapozidi na hamu ya vyakula vizito kupungua, masoko ya pwani yetu hujaa mananasi na maembe. Huu ndio wakati wa saladi ya matunda yaliyochomwa na jibini laini: mlo mwepesi, wenye protini na nyuzinyuzi, usiohitaji vifaa vya gharama. Hata hivyo, wapishi wengi huangalia moto wa matunda na kuusahau moto wa maziwa, ilhali huo wa pili ndio unaolinda afya ya mlaji.

Hatari isiyoonekana

Maziwa mabichi yaweza kubeba vimelea vya bruselosisi, kifua kikuu cha ng'ombe na listeria. Ndimu huyagandisha maziwa, lakini si dawa ya kuviua vimelea hivyo. Wala afya ya mnyama kwa macho si ushahidi. Mwaka 1887 daktari David Bruce alitambua kimelea cha homa iliyowasumbua askari wa Uingereza kisiwani Malta. Mwaka 1905 Themistocles Zammit aligundua kwamba kilibebwa na mbuzi walioonekana wazima kabisa. Askari walipoachishwa maziwa ya mbuzi mwaka 1906, homa ilipungua upesi.

Bruselosisi huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu na maumivu ya viungo, hivyo ni rahisi kuidhania malaria. Listeria nayo yaweza kumpa mjamzito homa ndogo tu, kisha ikaharibu mimba. Tena huendelea kukua hata ndani ya jokofu.

Namna ya kuandaa, watu wanne

Chemsha lita 1 ya maziwa hadi yatokote, huku ukikoroga. Epua, kisha tia maji ya ndimu kidogo kidogo, kiasi cha vijiko vikubwa 3, hadi mabonge yajitenge na maji yawe ya kijanjano. Baada ya dakika 10, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa, tia chumvi kidogo, ufunge na kuacha yachuruzike kwa nusu saa. Jibini hiyo iliwe siku hiyo hiyo. Inayobaki iwekwe kwenye jokofu na kumalizwa kesho yake. Mjamzito ale iliyotengenezwa siku hiyo tu.

Menya nusu ya nanasi, ulikate vipande vya unene wa sentimita 1 na kuvipaka mafuta kidogo. Vichome juu ya makaa yasiyo na miali, dakika 2 hadi 3 kila upande, vipate rangi ya kahawia. Vilivyoungua na kuwa vyeusi viondolewe. Usitumie wavu au kisu kilichogusa nyama mbichi kabla ya kukiosha, wala usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Osha vema majani ya saladi, tango na mnanaa kwa maji safi na salama yanayotiririka. Panga majani, weka nanasi, nyunyiza jibini iliyovunjwavunjwa, kisha umalizie kwa ndimu, mafuta ya kupikia na pilipili manga. Sukari haihitajiki.

Kwa wagonjwa

Kuchoma hakuondoi sukari ya tunda. Mwenye kisukari atosheke na kipande kimoja au viwili, na apunguze wanga mwingine katika mlo huo. Mwenye shinikizo la damu aiache chumvi ya jibini. Mgonjwa wa figo aulize kwanza kiasi cha matunda na maziwa kinachomfaa.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa arudipo na homa isiyoisha ilhali kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, aulizwe swali moja la jikoni: maziwa na jibini unayotumia, je, huchemshwa? Mjamzito aulizwe hivyo tangu hudhurio lake la kwanza kliniki.