Kusafiri peke yako na moto: usiku utalala wapi?

Mu Goma, kusafiri na moto haiko habari ya kushangaza. Kila asubui, mbele jua haijatoka muzuri, ku njia ya Mugunga na Sake munaona moto zenye kubeba begi, godoro ndogo, bidoni ya esanse, na mara ingine mutu mumoja tu juu yake. Ule mutu anaenda kutafuta. Anaenda Rubaya, anaenda Walikale, anaenda penye wamesema kama madini imetoka. Ku nyumba anaacha bibi na watoto, na ulizo moja yenye hawasemi kwa sauti: leo usiku atalala wapi?

Tulitaka kuangalia ile ulizo kwa ukaribu. Na ili tuione muzuri tunaanzia mbali, kaskazini ya Ulaya, kwa sababu kule kuko watu wenye wanafanya safari ya namna hii bila kutumwa na njaa. Wanapanda moto peke yao, wanafunga hema nyuma, wanatembea juma tatu ao mwezi, wanalala inje kwa kupenda. Wengi kwetu wakisikia vile wanacheka. Lakini mwenye kufuata ile safari mpaka mwisho ataona kama inagusa wachimbaji na familia zao.

Kule, sheria njo inapokea mugeni

Scandinavia ni jina ya inchi tatu: Denmaki, Uswidi yenye wengi wetu wanaita Suède, na Norwe. Mwenye moto mara nyingi anatokea Denmaki, anavuka daraja ya Öresund yenye ilifunguliwa mu 2000, anaingia Uswidi, kisha anapanda kaskazini siku na siku. Ni inchi za pori kubwa, maziwa mingi, na watu kidogo. Juu kabisa, wanyama wenye mapembe wanaoitwa renne, mali ya wachungaji Wasami, wanasimama katikati ya barabara sawa vile ngombe za Masisi, na moto inangoja wapite.

Wengi wanataka kufika Nordkapp, mu Norwe: jabali yenye kusimama metre 307 juu ya bahari. Mbele ya kufika unapita mu tuneli ya karibu kilometa 7, yenye inashuka mpaka metre 212 chini ya usawa wa bahari. Ilifunguliwa mu 1999. Muchimbaji anajua vile mutu anawaza akiwa chini, akifikiri kile kiko juu ya kichwa yake. Pale, juu ya kichwa iko bahari nzima. Na kutoka katikati ya mwezi wa tano mpaka mwisho wa mwezi wa saba, jua haizame kule. Unafunga hema saa sita ya usiku na ungali unaona kila kamba.

Lakini kitu chenye kinafanya ile safari iwezekane, si moto ya bei kali wala barabara ya goudron. Ni haki moja. Waswidi wanaiita allemansrätten, maana yake haki ya kila mutu. Tangu 1994 imetajwa mu katiba yao. Mu Norwe kuko sheria ya 1957 yenye inaeleza haki sawa na ile. Mutu yeyote, hata mugeni, anaweza kufunga hema mu pori ao ku mulima bila kuomba ruhusa, hata kama udongo uko na mwenyewe. Lakini iko na mipaka yake. Mu Norwe, hema inakaa mbali na nyumba za watu, si chini ya metre 150, na kwa kawaida hupitishi siku mbili pa fasi moja bila kuongea na mwenye udongo. Huingie mu shamba ya mutu. Huache takataka. Na moto yenyewe haina ruhusa ya kuingia mu pori: unaiacha pembeni ya njia, unabeba hema ku mugongo. Denmaki haina haki pana vile. Kule unalala penye walipanga.

Wanamuke pia wanasafiri peke yao. Kuko Muholanzi mumoja, Noraly Schoenmaker, mwenye alisomea jeolojia, ile elimu ya mawe na udongo, akaifanyia kazi, kisha akaacha. Mu 2018 alinunua moto mu India akaanza kuzunguka dunia, na watu wengi sana wanamufuata ku video. Yeye aliacha mawe juu ya njia. Kwetu watu wanashika njia juu ya mawe.

Njia yenye inapita ku mashimo

Mwenye kupanda kaskazini mu Uswidi anaweza kupitia Falun. Pale walichimba shaba kwa miaka mia na mia, mpaka mu mwezi wa 12 wa 1992 wakafunga. Tangu 2001 ile fasi iko ku liste ya UNESCO. Katikati yake kuko tundu kubwa sana, na ile tundu haikuchimbwa vile: ilibomoka. Tarehe 25 mwezi wa 6, 1687, kuta zenye ziligawanya mashimo zilianguka, yote ikaingia chini kwa mara moja. Wazee wa pale walikuwa wamechimba kila mutu kwa upande wake bila mpango muzuri, wakapunguza nguzo mpaka hazikuweza tena kubeba uzito. Hakuna mutu alikufa. Ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi, na wachimbaji walikuwa nyumbani.

Mbali sana juu yake iko Kiruna, mji wenye ulizaliwa mu 1900 juu ya chuma. Kampuni ya serikali, LKAB, inachimba chini kabisa, na udongo wa juu unaanza kupasuka. Njo maana wanahamisha mji. Mu mwezi wa 8 wa 2025 walipakia kanisa yao ya mbao, yenye ilijengwa 1912 na iko na uzito wa tani 672, wakaitembeza kilometa 5 kwa siku mbili bila kuivunja. Mwenye moto anapita, anaangalia, anaenda kufunga hema yake mbele kidogo. Hakuna mwenye anamuuliza kama alikuya kuiba chuma.

Kwetu, hema iko na maana ingine

Turudi ku Goma. Mpaka Sake ni karibu kilometa 25. Pale njia inagawanyika: moja inafuata ziwa kuelekea Minova na Bukavu, ingine inapanda milima ya Masisi. Huku juu iko Rubaya na koltani yake. Ukiendelea kupita Masisi na Nyabiondo, milima inashuka mu pori la Walikale, inchi ya kasiterite. Mu miaka ya 2000, mbele kampuni kubwa haijaingia, kasiterite ya Bisie ilikuwa inatoka mu pori ku migongo ya watu, kila mubebaji na karibu kilo 50 yake. Walilala mu njia. Kisha ndege ndogo zilikuwa zinashuka juu ya barabara yenyewe, pale Kilambo, kuchukua mzigo na kuuleta Goma.

Leo moto njo imechukua sehemu kubwa ya ile kazi. Si moto za Nordkapp, zenye mara nyingi ziko na cc 700, 1000 na zaidi. Hapa ni TVS, Boxer, ao ya China, cc 125 ao 150, na inabeba kuliko zile. Mvua ikinyesha, udongo wa Masisi unakuwa sawa sabuni. Mumotari anashusha miguu mbili chini, anatembeza moto sawa mutu mwenye anafundisha mutoto kutembea. Esanse inatoka kwa ba-Kadhafi wa pembeni ya njia, mu chupa, na bei inapanda kila kilometa.

Na kulala? Kwetu hakuna sheria yenye inakupa usiku moja ku udongo wa mutu. Kuko desturi. Mugeni anafika mu kijiji, anazima moto, anatoa kaske ili waone uso wake. Anauliza nyumba ya chefu. Anasema jina yake, kwenye anatoka na kwenye anaenda. Wanamuonyesha nyumba, ao kanisa, ao chumba ya wapita njia. Akipewa bugali na sombe, anakula chenye wamemupa. Asubui anaaga mbele ya kuwasha moto. Haikuandikwa mu kitabu yoyote, lakini kwa miaka mingi ile njo ilikuwa haki yetu ya kila mutu.

Tangu vita irudi mwisho wa 2021, ile desturi inaumia. Rubaya ilibadilisha mikono mu mwezi wa 4 wa 2024, Goma mu mwezi wa kwanza wa 2025. Walikale-centre ilichukuliwa mu mwezi wa 3 ule mwaka, ikaachwa mwezi wenye ulifuata. Mutu mwenye anasafiri katikati ya mambo sawa hayo anaweza kuamka na karatasi ya muzuri, na mangaribi ile karatasi ikakuwa kosa. Ku bariyeri wanauliza wewe ni wa nani mbele ya kuuliza unaenda wapi. Na mwenye nyumba, hata akiwa na roho ya muzuri, anaogopa kufungua: kama atalaza mugeni, kesho nani atamuuliza?

Njo maana hema yenyewe haina maana moja. Mu Norwe, hema pembeni ya njia ni alama ya mutu mwenye anapumzika. Kwetu, hema ni shitingi ya Bulengo, ya Lushagala, ya Kanyaruchinya. Mamia ya maelfu ya watu walilala chini yake, juu ya mawe makali ya Nyiragongo, mpaka kambi zikavunjwa mwanzo wa 2025. Ukifunga hema peke yako ku njia ya Masisi, hakuna atasema huyu ni mutalii. Watasema huyu amekimbia nini, ao huyu anaficha nini.

Kwa hiyo tusidanganyane kama wale wa Nordkapp wanatushinda kwa ujasiri. Mumotari wa Walikale anapita mu mambo yenye wao hawataona. Kile wako nacho, na sisi tumepoteza, ni usiku bila woga: mutu asiyejulikana analala, na wenye kijiji pia wanalala. Barabara ya goudron itatusaidia siku itakuya, lakini goudron peke yake hairudishe ile kitu.

Kile familia inaweza kuuliza

Kungoja amani haizuie kujipanga. Kuko maneno yenye bibi, baba ao ndugu anaweza kuuliza mbele moto haijawaka. Si kwa kumuzuia mutu. Ni kwa kumusaidia arudi.

Ya kwanza: utalala kwa nani? «Mu njia» haiko jibu. Jibu ni jina ya mutu na ya kijiji, na mutu wa pili kama wa kwanza hayuko. Andikeni ile majina, ibaki ku nyumba.

Ya pili: moto itasimama saa ngapi? Hapa tuko karibu na ikweta. Saa kumi na mbili na nusu giza imeingia, mwaka muzima. Hakuna jua ya usiku ya kukusaidia. Saa kumi, kama kijiji yenye kufuata iko mbali, lala mu ile yenye umefikia.

Ya tatu: uko na nini ya kutengeneza? Shambreri moja, pompe, bujii, kamba, funguo za kufungulia gurudumu, na bashi ya mvua. Kaske mbili kama munabebana, si moja ya dereva tu.

Ya ine: simu itashika wapi? Mujue mbele fasi zenye reseau inapatikana, mupange siku ya kupigiana. Penye haiko, mumotari mwenye anarudi Goma anaweza kuleta neno. Kama siku mbili zimepita bila neno, ku nyumba mujue mutaanza kuuliza nani.

Ya tano ni ya kurudi. Usiweke jiwe mu mufuko, hata ndogo ya kuonyesha rafiki. Madini bila karatasi na etiketi yake inaweza kukupotezea moto, franka, na mambo ya nguvu kuliko franka. Pesa ya kazi igawanywe, isikae yote pa fasi moja.

Na kama mvua imenyesha usiku muzima, na milima imeanza kuteremuka, kubakia siku moja kwa mwenye alikupokea haiko woga. Mwenye shimo atakasirika, mwenye deni atapiga simu. Muache apige. Wachimbaji wa Falun, ile siku udongo ulianguka, waliokoka juu walikuwa wamebaki nyumbani.